Kutambua na Kuainisha Kuvu za Magonjwa ya Mimea kwa Ushahidi wa DNA

Malengo ya mada

Baada ya kupitia mada hii unapaswa uweze:
(a) kueleza kwa nini umbo peke yake halitoshi kutambua kuvu;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua za kutambua kuvu kwa DNA;
(c) kulinganisha mifuatano ya besi na kutoa hitimisho;
(d) kueleza, kwa mfano halisi, jinsi utambuzi sahihi unavyoamua hatua za kuzuia ugonjwa;
(e) kutaja mipaka ya ushahidi wa DNA.

1. Utangulizi

Kuvu, ambazo watu wengi huziita fangasi, husababisha magonjwa mengi ya mazao: kutu ya ngano na ya kahawa, chulebuni, mnyauko wa migomba, ubwiri unga, na madoa ya kijivu kwenye majani ya mahindi. Mkulima anapoleta jani lililougua, mtaalamu hujiuliza kwanza ni kiumbe gani kilichosababisha ugonjwa. Asipolijibu swali hilo sawasawa, dawa inaweza kupulizwa bure, mbegu yenye kinga isiyofaa ikasambazwa, na mpaka uliopaswa kufungwa ukabaki wazi.

Kwa muda mrefu kuvu zilitambuliwa kwa kutazama umbo la spora chini ya hadubini, rangi ya utando wake kwenye chakula cha maabara, na mmea unaoshambuliwa. Njia hizi bado zinatumika na mwanafunzi anapaswa kuzijua. Hata hivyo zina matatizo manne:

(i) Spishi mbili tofauti zinaweza kuwa na spora zinazofanana kabisa.
(ii) Kuvu moja inaweza kuwa na maumbo mawili, moja wakati wa uzazi wa kijinsia na lingine wakati wa uzazi usio wa kijinsia. Zamani maumbo hayo yalipewa majina mawili kana kwamba ni viumbe viwili.
(iii) Umbo hubadilika kulingana na joto, mwanga na chakula.
(iv) Viumbe visivyo na undugu wa karibu vinaweza kufanana kwa sababu vinaishi maisha ya namna moja.

Mfano mzuri wa tatizo la nne ni *Phytophthora infestans*, kiumbe kinacholeta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, na kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kina nyuzi kama za kuvu na huzaa spora kama kuvu, ndiyo maana kiliwekwa katika himaya ya kuvu. Lakini kuta za seli zake zimejengwa hasa kwa selulosi na vitu vinavyokaribiana nayo, wakati kuvu za kweli zina kaitini. DNA ilithibitisha kwamba ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia na daiatomu. Jambo hili lina maana shambani: dawa zinazozuia kuvu kutengeneza ergosteroli hazikifai kiumbe hiki, kwa sababu hakiitengenezi.

2. Kwa nini DNA ni ushahidi mzuri

DNA ina besi nne: adenini (A), thaimini (T), guanini (G) na sitosini (C). Mpangilio wa besi hizi hurithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, na mara chache hutokea mabadiliko, yaani mutesheni. Viumbe vilivyotengana karibuni vina tofauti chache. Vilivyotengana zamani vina tofauti nyingi. Kwa hiyo idadi ya tofauti ni kipimo cha undugu.

Tena, DNA ya kuvu ni ileile katika spora, katika nyuzi na katika hatua zote za uzazi. Kuvu ikiwa changa au imekomaa, ikiwa kwenye jani au kwenye sahani ya maabara, mfuatano wake haubadiliki kwa sababu ya mazingira.

Si kila sehemu ya DNA inafaa kwa kazi hii. Sehemu nzuri iwe na sifa tatu: ipatikane kwa kuvu zote, itofautiane kati ya spishi, na ifanane miongoni mwa wanaspishi mmoja. Sehemu inayotumika zaidi inaitwa ITS. Iko katikati ya jeni zinazotengeneza RNA ya ribosomu, na kwa kuvu nyingi ina urefu wa besi 500 hadi 700 hivi. Jeni zilizo pembeni yake hazibadiliki sana, hivyo ni rahisi kuzishika. ITS yenyewe hubadilika haraka, hivyo hutofautisha spishi. Mwaka 2012 wataalamu wa kuvu walipendekeza ITS iwe msimbopau rasmi wa kuvu. Msimbopau hapa ni kama ule wa bidhaa dukani: alama fupi inayotosha kukuambia hiki ni kitu gani.

3. Hatua za kutambua kuvu kwa DNA

Hatua ya 1: Kuchukua sampuli. Chukua sehemu iliyo mpakani mwa tishu iliyougua na iliyo nzima, kwa sababu hapo ndipo kuvu inakua. Tishu iliyokufa kabisa huwa imevamiwa na kuvu nyingine zinazokula mabaki tu.

Hatua ya 2: Kutenga kuvu. Kipande husafishwa juu kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huwekwa kwenye chakula cha maabara hadi kuvu moja iote peke yake. Kuvu zisizoota nje ya mmea hai, kama kutu, huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye jani.

Hatua ya 3: Kutoa DNA. Kuvu husagwa ili kuvunja kuta za kaitini. Kemikali zenye kazi kama ya sabuni huyeyusha tando za seli, protini huondolewa, kisha DNA hutengwa kwa alkoholi.

Hatua ya 4: Kuzidisha DNA kwa PCR. Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, naye akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kila mzunguko una vipindi vitatu:
- Nyuzi mbili za DNA hutenganishwa kwa joto la nyuzi 94 hadi 95 za Selsiasi.
- Joto hushushwa hadi nyuzi 50 hadi 60 hivi, na praima hujishika mahali pake. Praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha sehemu ya kuanzia na ya kuishia.
- Joto hupandishwa hadi nyuzi 72, na kimeng'enya cha polimerasi hujenga nyuzi mpya.

Kila mzunguko huzidisha DNA mara mbili. Kipande kimoja baada ya mizunguko 30 kinaweza kufikia 2³⁰, yaani zaidi ya vipande bilioni moja. Ndiyo maana sampuli ndogo sana inatosha.

Hatua ya 5: Kuhakiki kwa jeli. DNA hupitishwa kwenye jeli yenye umeme. DNA ina chaji hasi, hivyo huelekea upande chanya, na vipande vifupi hukimbia zaidi. Mstari mmoja wenye urefu unaotarajiwa unaonyesha kwamba PCR imefaulu.

Hatua ya 6: Kusoma mfuatano wa besi. Mashine husoma A, T, G na C moja baada ya nyingine.

Hatua ya 7: Kulinganisha. Mfuatano hulinganishwa na ile iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata za kimataifa kama GenBank, kisha huchorwa mti wa ukoo. Katika mti huo, viumbe vinavyoshiriki tawi moja ni ndugu wa karibu.

4. Mfano wa kukokotoa

Mifuatano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya zoezi. S ni sampuli kutoka shamba la ngano. P ni kuvu inayojulikana kushambulia ngano. Q ni kuvu inayojulikana kushambulia mpunga.

S: ATGCC TTAGC GATTA CCGTA
P: ATGCC TTAGC GATCA CCGTA
Q: ATGTC TTGGC GATTA CAGTA

Linganisha besi moja moja, kila besi na iliyo chini yake.

S na P: tofauti ni moja, nafasi ya 14. Besi zinazofanana ni 19 kati ya 20.
Ufanano = 19/20 × 100 = 95%.

S na Q: tofauti ni tatu, nafasi za 4, 8 na 17. Besi zinazofanana ni 17 kati ya 20.
Ufanano = 17/20 × 100 = 85%.

Hitimisho: S ina undugu wa karibu zaidi na P kuliko Q. Kwenye mti wa ukoo, S na P zitakuwa kwenye tawi moja na Q kwenye tawi la pembeni.

Angalia kwamba katika kazi halisi hulinganishwa mamia au maelfu ya besi. Besi 20 ni chache mno kutolea uamuzi shambani.

5. Mfano halisi: mlasti wa ngano Bangladesh na Zambia

Mwezi Februari 2016 wakulima wa Bangladesh waliona masuke ya ngano yakigeuka meupe kabla ya kukomaa. Suke lililobadilika rangi lilikuwa na punje zilizosinyaa au halikuwa na punje kabisa. Eneo la hekta zipatazo 15,000 liliathirika, na baadhi ya mashamba yalichomwa moto ili kuzuia ugonjwa usienee.

Chini ya hadubini zilionekana spora zenye umbo la pea, zenye seli tatu. Hizo ni spora za *Pyricularia oryzae*, kuvu iletayo mlasti (blasti) kwenye mpunga na nyasi nyingine nyingi. Hapo ndipo swali gumu lilipozuka. Bangladesh hulima mpunga kwa wingi na mlasti wa mpunga upo huko siku zote. Je, kuvu ya mpunga ya palepale ilikuwa imehamia kwenye ngano? Au kuvu mpya ilikuwa imeingia kutoka nje? Ugonjwa huu wa ngano ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la Paraná, Brazil, mwaka 1985, na kwa miaka 30 ulijulikana Amerika ya Kusini peke yake. Spora za kuvu ya mpunga na za kuvu ya ngano zinafanana, kwa hiyo hadubini haikuweza kuamua.

Wanasayansi walichukua majani na masuke yaliyougua moja kwa moja kutoka shambani, wakasoma mifuatano ya jeni zilizokuwamo, wakalinganisha na kuvu za mpunga, za ngano na za nyasi nyingine kutoka nchi mbalimbali. Data ziliwekwa wazi ili watafiti wa nchi nyingine nao wazichambue. Jibu lilipatikana katika muda wa miezi michache: kuvu ya Bangladesh iliangukia kwenye tawi la kuvu za ngano za Amerika ya Kusini, mbali na kuvu za mpunga za Bangladesh yenyewe. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa umeingia kutoka bara lingine.

Msimu wa 2017/18 ugonjwa huohuo ulionekana Zambia, katika jimbo la Muchinga lililo kaskazini-mashariki na linalopakana na Tanzania. Uchambuzi wa jenomu nzima ulionyesha kwamba kuvu za Zambia na za Bangladesh ni za ukoo mmoja wa kloni, yaani zinazaliana bila kuchanganya jeni, lakini ziliingia katika nchi hizo kwa safari mbili tofauti. Zambia haikuambukizwa na Bangladesh.

Matokeo haya yalisaidia nini?

(i) *Mbegu.* Kwa kuwa kuvu ni ndugu wa zile za Amerika ya Kusini, kinga iliyofanya kazi kule ilitarajiwa kufanya kazi huku. Kipande cha kromosomu kiitwacho 2NS, kilichotoka kwenye nyasi mwitu ya jamii ya ngano, hupunguza ugonjwa. Bangladesh iliidhinisha aina ya ngano yenye kipande hicho, BARI Gom 33, mwaka 2017.

(ii) *Dawa.* Nchini Brazil kuvu nyingi za mlasti wa ngano zimekuwa sugu kwa kundi la dawa liitwalo strobilurini. Usugu huo hutokana na mutesheni katika jeni la saitokromu b, inayobadilisha amino asidi ya 143 kutoka glisini kuwa alanini. Kuvu za ukoo ulioingia Zambia na Bangladesh zilipopimwa zilionekana bado zinauawa na dawa hizo, lakini mutesheni hiyo inaweza kujitokeza. Kwa kupima DNA, usugu unaweza kugunduliwa mapema.

(iii) *Karantini.* Kuvu hii husafiri ndani ya mbegu. Kama chanzo kingekuwa mpunga wa jirani, ukaguzi wa mbegu bandarini usingesaidia kitu. Kwa kuwa iliingia kutoka nje, ukaguzi wa mbegu za ngano zinazovuka mipaka una maana kubwa, hasa kwa nchi jirani za Zambia.

6. Uainishaji na majina

Nafasi ya kuvu hii katika uainishaji ni kama ifuatavyo:

Himaya: Fungi
Faila: Ascomycota
Ngeli: Sordariomycetes
Oda: Magnaporthales
Familia: Pyriculariaceae
Jenasi: *Pyricularia*
Spishi: *Pyricularia oryzae*

Katika vitabu vingine utaikuta ikiitwa *Magnaporthe oryzae*. Ni kuvu ileile. Jina moja lilitokana na umbo la uzazi wa kijinsia na lingine na umbo la uzazi usio wa kijinsia. DNA ilipoonyesha kwamba maumbo hayo ni ya kiumbe kimoja, mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Melbourne mwaka 2011 uliondoa utaratibu wa majina mawili. Kuanzia tarehe 1 Januari 2013 kila kuvu inapaswa kuwa na jina moja sahihi.

DNA pia imetenganisha spishi zilizodhaniwa kuwa moja. Ugonjwa wa madoa ya kijivu ya majani ya mahindi ulihusishwa na *Cercospora zeae-maydis*. Watafiti waliona kwamba kuvu zenye jina hilo zinagawanyika katika makundi mawili yaliyo wazi, na mwaka 2006 kundi la pili lilipewa jina la *Cercospora zeina*. Kuvu zilizochunguzwa kutoka mashamba ya mahindi ya Afrika zimeonekana kuwa *C. zeina*. Mtafiti anayetaka mahindi yenye kinga kwa mkulima wa Afrika anapaswa kuyajaribu dhidi ya spishi hiyo, si dhidi ya ile nyingine.

Usidhani kwamba DNA humaliza kila ubishi. Mwaka 2016 baadhi ya wataalamu walipendekeza kuvu ya ngano itenganishwe na ya mpunga na iwe spishi yake. Wengine walipinga, wakionyesha kutoka kwenye jenomu kwamba makundi hayo yamewahi kubadilishana jeni, hivyo yabaki ndani ya spishi moja. Tofauti za besi huhesabiwa. Mahali pa kuchora mpaka wa spishi panahitaji hoja.

7. Mipaka ya ushahidi wa DNA

(i) *ITS haitoshi kila mara.* Katika jenasi kama *Fusarium* na *Colletotrichum*, spishi tofauti zinaweza kuwa na ITS zinazokaribia kufanana. Hapo husomwa jeni nyingine, kwa mfano ya TEF1. Kuvu ya mnyauko wa migomba aina ya TR4, iliyoripotiwa Msumbiji mwaka 2013, hutambuliwa kwa praima maalumu, kwa sababu ITS haiitofautishi na ndugu zake.

(ii) *Hifadhidata zina makosa.* Mfuatano uliowekwa na jina lisilo sahihi utakupa jibu lisilo sahihi.

(iii) *Uchafuzi.* PCR huzidisha hata DNA ya spora iliyotoka hewani. Ndiyo maana kila jaribio huwa na kidhibiti kisichowekwa DNA. Kikionyesha mstari kwenye jeli, jaribio limechafuka.

(iv) *Kuwapo si kusababisha.* Mimea mizima huishi na kuvu nyingi zisizodhuru. Ili kuthibitisha kisababishi hufuatwa kanuni za Koch: kuvu ipatikane kwenye mimea inayougua, itengwe peke yake, iambukize mmea mzima na kuleta dalili zilezile, kisha ipatikane tena kwenye mmea huo. DNA husaidia katika hatua ya mwisho kwa kuonyesha kwamba kuvu iliyopatikana ni ileile.

8. Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- Usiandike kwamba PCR "husoma" besi. PCR huzidisha, kusoma ni hatua nyingine.
- Usiandike kwamba bakajani chelewa huletwa na kuvu ya kweli.
- Usichanganye *kutambua* na *kuainisha*. Kutambua ni kujua kiumbe hiki ni kipi. Kuainisha ni kukiweka kwenye kundi lake.
- Unapokokotoa ufanano, gawanya kwa jumla ya besi zote, si kwa idadi ya tofauti.

9. Maswali ya marudio

1. Taja sababu tatu zinazofanya umbo lisitoshe kutambua kuvu. (alama 3)
2. Eleza kazi ya joto katika kila kipindi cha mzunguko wa PCR. (alama 6)
3. Kwa kutumia mifuatano ya sehemu ya 4, kokotoa ufanano wa P na Q kwa asilimia. (alama 3)
4. Jani la mhogo lenye madoa lilipimwa, na DNA ya kuvu fulani ikapatikana. Mwanafunzi akasema, "Kuvu hii ndiyo iliyoleta madoa." Jadili kauli yake. (alama 5)
5. Eleza jinsi DNA ilivyojibu swali la chanzo cha mlasti wa ngano Bangladesh, na taja hatua mbili za kilimo zilizotegemea jibu hilo. (alama 8)

Mwongozo wa majibu

1. Zozote tatu kati ya sababu nne za sehemu ya 1.

2. Joto la nyuzi 94 hadi 95 hutenganisha nyuzi za DNA. Nyuzi 50 hadi 60 huruhusu praima kujishika. Nyuzi 72 ni joto linalofaa polimerasi kujenga nyuzi mpya.

3. P na Q zinatofautiana katika nafasi za 4, 8, 14 na 17. Ufanano = 16/20 × 100 = 80%.

4. Kauli haijathibitishwa. Kuvu inaweza kuwa mkaazi asiyedhuru, mla mabaki, au uchafuzi. Panahitajika kidhibiti cha PCR na kufuata kanuni za Koch.

5. Jibu lionyeshe: spora za kuvu ya mpunga na ya ngano zinafanana, mifuatano ya sampuli za shambani ililinganishwa na ya kuvu za mimea na nchi mbalimbali, sampuli ziliangukia kwenye tawi la kuvu za ngano za Amerika ya Kusini, hivyo ugonjwa uliingia kutoka nje. Hatua: zozote mbili kati ya kuchagua mbegu yenye 2NS, kuchagua dawa na kufuatilia usugu, na kukagua mbegu zinazovuka mipaka.